Kitengela na Karatasi Zake

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akafika Athi River akakata kuume kushika njia ya Namanga, huingia Kitengela bila ya kutambua kuwa ameingia mahali penye historia, kwa kuwa macho yake hupokewa na maduka ya saruji na mabati, vibanda vya M-Pesa, mabango ya ploti za futi 50 kwa 100, na matatu zinazogombea abiria; na akiuliza habari za mahali hapo, ataambiwa kwa wepesi na kila amwulizaye kwamba mji huu ni wa juzi, kwamba wakazi wake ni watu wa kuja, na kwamba mwenye haja ya mambo ya kale na ashike njia aende Olorgesailie au Fort Jesus. Nimeishi hapa muda wa kutosha kulisikia neno hilo mara nyingi, na kila nilisikiapo huona kuwa limebeba nusu ya ukweli na kosa zima.

Nusu ya ukweli ni hii, kwamba watu wengi wa Kitengela kweli ni wa kuja, na mimi mwandishi, mzaliwa wa Mombasa, ni mmoja wao. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta kaunti nzima ya Kajiado ina watu 687,312. Ile ya mwaka 2019 ikawakuta 1,117,840, na zaidi ya 150,000 kati yao wakiwa Kitengela peke yake, mahali ambapo wazee wangali wanapakumbuka kuwa kituo kidogo cha biashara kiitwacho Noonkopir, chenye maduka machache na ng'ombe wakipita katikati. Ama kosa, liko katika kudhani kwamba mji mchanga hauna tarehe. Mji uliokua mbele ya macho ya watu walio hai ni mji ambao habari zake zaweza kuchukuliwa vinywani mwa walioushuhudia ukikua, nayo ni neema ambayo Gedi na Takwa hazikujaliwa: huko pwani tumebaki kuyauliza mawe, ilhali hapa wa kuulizwa wamo hai, wanakunywa chai hotelini, ila hakuna anayewauliza.

Ndiyo sababu nasema kwamba Kitengela, na Kajiado iliyo makao makuu ya kaunti, zinahitaji chama cha historia kabla ya jumba la makumbusho. Na kwamba chama hicho kikishaundwa, kazi yake ya kwanza isiwe kukusanya ngao na mikuki, bali kukusanya habari za ardhi, yaani ramani, madaftari ya wanachama wa ranchi za kikundi, mihutasari ya vikao, mikataba ya mauziano, risiti, na maneno ya watu waliokuwapo. Najua kuwa rai hii itawashangaza wengi, kwa kuwa karatasi si kitu cha kupendeza machoni, wala mtalii hafungi safari kuja kuitazama risiti. Lakini simzungumzii mtalii.

Desturi yetu siku hizi ni kuanza na jengo. Hupatikana fedha, likawekwa jiwe la msingi, akaja mheshimiwa akakata utepe, na baada ya hapo ndipo hutafutwa vitu vya kutia ndani na watu wa kuviangalia. Nao wasipopatikana, chumba hugeuka ghala ya viti vya mikutano. Makumbusho makubwa ya Nairobi hayakuanza hivyo. Mwaka 1909 watu wachache wenye shauku ya ndege, wadudu na mimea, aghalabu yao maofisa wa serikali na walowezi, waliunda chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka uliofuata wakapata mahali padogo pa kuwekea walivyokusanya, na wakaanza kuchapisha jarida lao. Mahali pale palipowabana wakahamia kwingine mwaka 1922, hata mwishowe likajengwa jumba juu ya kilima ambacho leo chaitwa Museum Hill, likafunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Gavana Robert Coryndon, jina ambalo liliondolewa mwaka 1964 baada ya kupatikana uhuru. Zaidi ya miaka ishirini ilipita baina ya chama na jumba. Sina nia ya kuwasifu waasisi wale kupita kiasi, maana katika miaka ile ile walipokuwa wakiwabandika vipepeo majina, Wamasai walikuwa wakiswagwa na mifugo yao kutoka Laikipia, na chama chao kilikuwa cha viumbe, si cha watu. Hata hivyo utaratibu wao ulikuwa sahihi, na utaratibu mwema hauna kabila.

Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu uko Bujora, nje kidogo ya Mwanza, ambako padri wa Kikanada, David Clement, pamoja na Wasukuma wenye maarifa ya kwao, waliunda kamati ya kuutafiti utamaduni wao katika miaka ya 1950, wakakusanya ngoma, viti vya watemi na masimulizi, na makumbusho yenyewe yakaja kufunguliwa mwaka 1968. Na kwa kuwa kamati ilitangulia jengo, Bujora haikufa alipoondoka padri. Mpaka leo hukutana pale vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu katika sikukuu ya Bulabo, wakashindana kwa siku kadhaa mbele ya umati, na makumbusho yakawa ni mahali pa kwenda na kurudi, si mahali pa kwenda mara moja katika safari ya shule. Hapa kwetu Kenya pia tumepata kuwa na jambo la namna hiyo: katika miaka ya 1990 Sultan Somjee, aliyekuwa mtunzaji wa vitu vya mila katika Makumbusho ya Taifa, aliwahimiza wazee na vijana wa makabila mbalimbali waanzishe makumbusho madogo ya amani vijijini mwao, na baadhi yake yangali yapo, mengine katika chumba kimoja tu cha mabati.

Sasa nirudi kwenye ardhi, kwa maana historia ya Kajiado ni ya ardhi kwanza, na anayeisimulia bila ya ardhi husimulia mapambo. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na Wamasai, wakiongozwa na Olonana, ambaye vitabu humwita Lenana, kwamba watoke katika Bonde la Ufa wakae katika sehemu mbili, moja Laikipia na moja huku kusini, na mapatano yakasema kuwa yatadumu maadamu Wamasai wapo. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911, Lenana akiwa amekwisha kufariki, yalifanywa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia wote, na uhamisho ule wa watu, ng'ombe na kondoo haukwisha hata mwaka 1913. Wamasai hawakunyamaza, walikwenda mahakamani, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, nayo ikasikilizwa Mombasa mwaka 1913, na mahakama ikajibu kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola mbili, na kwa hiyo hayakuwa katika uwezo wake kuyaamua. Tafakari, ewe msomaji, hila iliyomo katika jawabu hilo: watu walioondolewa kwao kama raia wanyonge walinyimwa haki kwa hoja ya kuwa wao ni dola. Na sisi watu wa Mombasa, tunaoweza kukuhadithia kila risasi iliyorushwa Fort Jesus tangu Mreno hata Mzungu wa mwisho, tulikua bila ya kuambiwa kuwa kesi hiyo iliamuliwa katika mji wetu.

Yaliyofuata baada ya uhuru yanajulikana kidogo zaidi na kuandikwa kidogo zaidi. Katika miaka ya 1960 ilionekana kuwa ardhi ya Wamasai ifanywe ranchi, na baada ya majaribio yaliyoanzia Poka, hapa hapa katika nchi ya Wamasai wa Kaputiei, ilipitishwa mwaka 1968 sheria iliyowaruhusu watu wa eneo moja kuandikishwa kwa pamoja, wakachagua wawakilishi, wakaweka daftari la wanachama, wakapata mikopo ya kuchimba majosho na kununua madume ya ng'ombe. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa mojawapo. Mwaka 1988 wanachama wake wakaigawanya, kila mmoja akapata kipande chake na hati yake. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ambayo watu hapa huiita EPZ tu, viwanda vikajengwa Athi River, wafanyakazi wakatafuta vyumba vya kupanga, wenye ekari wakapata wanunuzi, na madalali wakapata riziki. Mji mzima ulitoka katika mambo hayo mawili, mgawanyo na viwanda, ambayo yalitukia yakifuatana, wala sidhani kuwa mtoto mmoja kati ya mia katika shule zetu aweza kuyaeleza.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa mwanachama wa ranchi ile, nilimwendea jioni moja kumwuliza habari ya njia ya kupitishia ng'ombe iliyokuwa ikipita mahali ambapo leo pana ukuta wa watu. Hakunijibu kwa maneno. Aliingia ndani akatoka na sanduku la bati la rangi ya samawati, la namna ile ambayo wanafunzi wa bweni huenda nayo shuleni, akalifungua kwa ufunguo uliofungwa katika ncha ya shuka yake, akaanza kutoa kimoja kimoja: ramani ya mpimaji iliyokunjwa mara nne hata mikunjo imetoboka na namba za vipande viwili zimepotea katika tundu, risiti za mchango wa josho, wino wake umekwisha kuwa rangi ya chai, karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, yenye mkataba wa kuuza ekari tano, na chini yake alama za vidole gumba vitatu na sahihi moja, kadi ya chanjo ya ng'ombe, na picha ya watu wamekaa chini ya mgunga, wengi wao wamevaa makoti juu ya shuka. Akaweka kidole juu ya picha, akanitajia mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila jina akasema, "Amekwisha huyu." Alipofika mwisho wa safu, mkewe, aliyekuwa ameketi kando akitunga shanga na ambaye sikudhani kuwa anasikiliza, akasema bila ya kuinua uso, "Hata sisi tulikuwapo siku ile, mwanangu, tulipika chai. Ila katika daftari hakuandikwa mwanamke." Mzee hakukanusha.

Katika sanduku hilo mlikuwa na sura tatu za kitabu ambacho hakijaandikwa: namna ardhi ya wote ilivyofanywa ya mmoja mmoja, namna ilivyouzwa, na namna nusu ya watu walivyoachwa nje ya hesabu. Masanduku ya namna hiyo yamo katika nyumba nyingi kutoka Kitengela hata Isinya, na kutoka Isinya hata Kajiado. Mwanachama aliyekuwa na miaka thelathini siku ya mgawanyo amekwisha kuikaribia sabini au kuipita. Akifa, wanawe hulifungua sanduku kutafuta hati moja tu, ile yenye thamani sokoni, na zilizobaki huwashia moto, au huachwa chumbani zikaliwa na mchwa. Wala hawana lawama, kwa kuwa hapana aliyewaambia kuwa risiti ya josho ina faida.

Watakuwapo watakaosema kwamba makumbusho ya Umasaini ni shanga, ngao, vibuyu vya maziwa na nyumba iliyokandikwa kwa samadi, na kwamba mimi mtu wa pwani sijui nisemalo. Sina ugomvi na shanga. Lakini vitu hivyo havina upungufu wa waangalizi, maana vimo Narok, vimo Nairobi, vimo katika kila duka la vinyago lililo kando ya njia ya Namanga, na mila zenyewe, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya turathi zinazotaka kulindwa kwa haraka, nazo zina wazee wake wanaozisimamia na kuzifanya. Fauka ya hayo, vitu vya kuvaa na kushika vina hatari ambayo karatasi haina. Katika makumbusho ya Pitt Rivers, huko Oxford, Wamasai wa Kenya na Tanzania walioalikwa kuvitazama vitu vya kwao, kuanzia mwaka 2017, walikuta miongoni mwavyo vitu ambavyo kwa mila yao haviuzwi wala havitolewi hiba kwa mgeni, kama vile orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe, kwa hiyo kuwapo kwake ng'ambo ni dalili ya kuwa mtu alidhulumiwa au aliuawa. Mazungumzo hayo yalichukua miaka, na mwaka 2023 wakuu wa makumbusho walikuja huku wenyewe, wakakutana na jamaa za wenye vitu, wakatoa ng'ombe kwa ajili ya upatanisho. Makumbusho yenye umri wa zaidi ya karne moja yalihitaji safari ile kujifunza kwamba kitu kina wenyewe na wenyewe wana majina. Chama cha Kitengela kingeanza kwa kulijua hilo, kwa sababu wenye vitu wangekuwa ndio wanachama.

Na kama watafutwa mwalimu wa karibu, yuko Olorgesailie, katika kaunti hii hii, kando ya njia ya Magadi. Mwaka 1942 Louis na Mary Leakey walifika mahali ambapo ardhi ilikuwa imetapakaa mashoka ya mawe, kwa maelfu, yaliyochongwa na viumbe waliokaa kando ya ziwa ambalo limekwisha kukauka. Wakachimba, wakisaidiwa na Waitaliano waliokuwa mateka wa vita, na mwaka 1947 pakafunguliwa kwa watu kutazama. Jambo la hekima walilolifanya ni kutoyabeba mashoka yote. Walijenga njia ya mbao juu yake, na hata leo mgeni hupita juu ya mbao, akainama, akayaona yamelala pale pale yalipoachwa na walioyachonga, mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, kana kwamba wenyewe wamekwenda kuteka maji. Utafiti ulioendelea baadaye, chini ya mtafiti Rick Potts na wenzake wa Kenya, ulitangaza mwaka 2018 kwamba yapata miaka 320,000 iliyopita watu wa mahali hapo walikuwa wakitumia mawe meusi ya kioo yaliyotolewa mbali, mengine zaidi ya kilomita themanini, na mawe ya kutengenezea rangi. Yaani walikuwa wakienda, wakikutana na wengine, na bila shaka wakipatana bei. Chama chetu na kifuate kanuni ile ya mbao: kisiwanyang'anye watu masanduku yao. Kiende na kamera na daftari, kipige picha kila karatasi mbele ya mwenyewe, kiandike maelezo yake kwa kauli yake, kwa Kimaa au kwa Kiswahili, kisha sanduku lifungwe kwa ufunguo ule ule na kubaki chini ya kitanda kile kile. Kazi hiyo haihitaji jumba. Yahitaji vijana kumi wenye adabu.

Nisije nikafahamika kuwa nataka historia ya Wamasai peke yao. Mtu aliyekuja kutoka Machakos, Murang'a au Kisii mwaka 1994 kushona nguo katika kiwanda, akapanga chumba kimoja, akanunua ploti kwa mkopo wa chama cha akiba, akachimbiwa kisima kikatoka maji ya chumvi, naye ana habari: ana kadi yake ya kazi, ana kitabu cha michango, ana picha ya nyumba ikiwa msingi tu na nyasi zikiizunguka. Makanisa yana madaftari ya ubatizo, misikiti ina habari za waliotoa viwanja vyake. Hata wanyama wana fungu lao katika hesabu hii, kwa kuwa tambarare hii ya Athi-Kaputiei ndiyo iliyokuwa malisho ya nyumbu waliotoka katika mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 bila ya uzio upande wa kusini ili wapate kupita. Mwaka 1978 nyumbu walihesabiwa zaidi ya 26,000, na mwaka 2011 walikuwa hawatimii 3,000. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kila mwaka wasizungushie uzio, na mikataba ya mpango huo nayo imo katika masanduku. Kajiado mjini kuna reli itokayo Konza kwenda Magadi, iliyojengwa kwa ajili ya kampuni ya magadi iliyoundwa mwaka 1911, mwaka ule ule wa mapatano ya pili. Na kusini yake ni njia waliyoshika askari wa Kiingereza kwenda kupigana na Wajerumani Longido mwezi wa Novemba 1914. Haya nayapitia kwa haraka kwa kuwa yana vitabu vyake.

Juu ya gharama na mamlaka, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imeyataja makumbusho na maktaba kwa majina yake kuwa ni miongoni mwa kazi za kaunti. Mahali pa kale penye umuhimu wa taifa, kama Olorgesailie, ndipo palipobaki kwa serikali kuu. Basi mwananchi wa Kajiado akiiomba kaunti yake chumba cha makumbusho haombi fadhila, anadai huduma, kama adaivyo soko au dampo. Lakini asidai zaidi ya chumba, kikavu, chenye kabati ya chuma, umeme na mtu mmoja wa kulipwa, kwa maana kitakachopewa watu wasiokuwa na chama kitakwenda na upepo wa uchaguzi. Tuna ibra ya Joseph Murumbi, mtoto wa mama wa Kimasai na baba wa Kigoa, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, ambaye hapakutokea katika Kenya mkusanyaji mkubwa kumshinda: nyumba yake ya Muthaiga, aliyoikabidhi serikali akitumaini iwe kituo cha masomo ya Afrika, haikusalimika, bali vitabu na vitu vilivyoingia katika Nyaraka za Taifa, penye utaratibu na watumishi, vipo hata leo na kila mtu aweza kuingia akavitazama. Sisi watu wa pwani tuna kitu kiitwacho wakfu, mali iliyofungwa kwa ajili ya manufaa ya wote isiuzwe wala isirithiwe, na sioni kwa nini picha na nakala za chama zisiwekwe kwa masharti ya namna hiyo, chini ya wadhamini waliochanganyika, Wamasai na wa kuja, wanaume na wanawake, ili gavana yeyote ajaye azikute na aziache.

Pingamizi moja tu ndiyo iliyo nzito, nayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba karatasi za ardhi ni baruti. Katika mihutasari ile yamo majina ya walioongezwa usiku katika daftari, yamo mashamba yaliyouzwa na mtu mmoja kwa wanunuzi wawili, yamo mabwawa na njia za ng'ombe zilizokuwa za wote zikaamka asubuhi zina hati. Ni kweli, na atakayeyafanyia mzaha atawasha moto. Lakini wenzetu wa Lari wamekwisha kutuonyesha kwamba yaweza kufanywa, maana huko, mahali ambapo usiku wa tarehe 26 Machi 1953 watu waliuana kwa ajili ya siasa na ardhi, watu wa pande zote mbili, waliokuwa Mau Mau na waliokuwa askari wa nyumbani, walikubali katika uzee wao kuwa na makumbusho mamoja ya amani. Wala si lazima kila karatasi iwekwe ukutani. Nyaraka za serikali ya Kenya hufungwa kwa miaka thelathini kabla ya kuruhusiwa kusomwa na watu wote, na chama chaweza kujiwekea muda ule ule, mwenye sanduku akiwa na hiari ya kuuongeza katika maisha yake na ya mkewe. Kwa hesabu hiyo karatasi za mgawanyo wa 1988 zingalikuwa wazi tangu mwaka 2018, na wa kwanza kuitwa azisome awe yule mama wa shanga, ambaye ataweza kutuambia ni nani aliyekuwapo asiyeandikwa.